Injini Juu ya Meza ya Mama Pindo

Wasomaji wangu, ndugu na majirani, nisikilizeni kwa makini, maana haya sikuyapata kwa kuambiwa. Nyumba ninayoisema imepakana na yangu. Ukuta wa jiko lao ndio ukuta wa jiko langu. Kijiko kikianguka kwao, mimi hugeuka.

Kila asubuhi, saa mbili kasoro, tulikisikia kigari kikiwashwa. Kilikuwa kigari cha gofu, kile kidogo cha viti viwili na paa la turubai, ambacho wachezaji hukitumia kuzunguka uwanja wao. Mwenye nacho tulimwita Fundi tu. Alitengeneza vigari vya namna hiyo katika klabu ya gofu kwa miaka ishirini na miwili, na kimoja kilipotupwa alikiomba, akakileta nyumbani vipande vipande, akakifunga upya.

Hakufanya hivyo kwa kujionyesha. Mkewe, Mama Pindo, alikuwa ameugua uti wa mgongo, akabaki bila nguvu za miguu. Kichochoro chetu ni chembamba na kimesimama wima. Gari la kawaida haliingii, na kiti cha magurudumu ukikiachia kitafika chini kabla yako. Kigari kile ndicho pekee kilichoenea. Fundi alimbeba mkewe, akamketisha, akamfunga mkanda, akakamatisha kiti cha magurudumu nyuma kwa kamba, kisha wakateremka taratibu hadi kwenye chumba chake cha kushonea. Jina la Mama Pindo alilipata hapo: nguo aliyoipinda yeye, uzi huuoni umepita wapi. Jumamosi walivuka bonde kwenda kumwona dada yake mkubwa, aliyemlea tangu utotoni.

Wakipita mlangoni kwangu, Mama Pindo hakukosa neno. "Jirani, leo tena kitana kimepotea?" Nami nacheka, nafunga kilemba vizuri.

Basi, moshi ulianza. Kwanza ulikuwa mwembamba, wa rangi ya bluu. Baadaye kikawa kinakula oili kama mgonjwa aliyetoka kupona, na kwenye mwinuko kinahema, kinasita, mpaka watu wakisukume. Siku moja kikagoma kabisa.

Fundi aliishusha injini, akaipeleka kwa mkereza vyuma, mchonga chuma kwa mashine, wa mtaa wa chini. Huyo tulimwita Kipimo, kwa sababu hajibu swali lolote kabla ya kupima. Nami nilikuwapo siku hiyo. Nilipeleka sufuria yangu ichomelewe mpini.

Kipimo aliingiza chombo chake ndani ya silinda, akazungusha, akasoma, akazungusha tena. Kisha akavua miwani.

"Hii imekerezwa mara ngapi?"

"Mara mbili," Fundi akajibu.

"Ndiyo maana. Hapa hakuna nyama tena ya kukata. Shimo la pistoni limekuwa yai, si duara tena. Na tazama hapa, karibu na bolti ya kichwa." Alipitisha kucha. "Ufa. Mwembamba kama unywele, lakini ufa ni ufa."

"Nitaweka ringi mpya za pistoni. Ufa nitauziba."

"Fundi, wewe si mtu wa kufundishwa. Ukiweka ringi mpya kwenye shimo la yai utapata siku mbili, tatu. Mimi nina injini ya aina hiyohiyo pale kwenye rafu. Ilitoka kwenye kigari kilichogongwa ubavuni, haijafunguliwa hata siku moja. Ichukue. Malipo tutaelewana, hata ukinisaidia kazi mwezi mmoja yatosha."

Ningekuwa mimi, ningeibeba injini ile kwa kichwa. Fundi aliitazama mara moja tu, akageuza uso.

"Kubadilisha ni kazi ya mtu yeyote," akasema. "Kufufua ndiyo kazi ya fundi."

Akaikusanya injini yake kwenye kreti, akaondoka.

Mvua zilikuwa zimeanza, na kibaraza chao kinavuja. Kwa hiyo injini ikaingia sebuleni, ikapandishwa juu ya meza ambayo Mama Pindo alikatia vitambaa vyake. Mkasi na chaki vikahamia kwenye sahani. Pistoni ikakaa dirishani, kabureta ikaogelea kwenye beseni la petroli, na kreti la vipuri likawekwa kati ya meza na ukuta, mahali hasa ambapo kiti cha magurudumu hupitia kwenda dirishani.

"Mume wangu, hapa sipiti," Mama Pindo akasema.

"Ni siku mbili tatu tu. Jumamosi utakuwa kwa dada."

Jumamosi ilifika, injini iko wazi. Ikafika nyingine. Mara ringi hazikuenea, mara gasketi ilipasuka, mara beringi aliyoletewa si yenyewe. Kila nilipoingia kumjulia hali Mama Pindo nilimkuta mahali palepale: kati ya kitanda na mlango wa sebule, hatua nne huku, hatua tatu kule. Wateja walingoja, wakachoka, wakapeleka nguo kwingine. Harufu ya petroli iliingia kwenye mapazia, kwenye mto, hadi kwenye chai. Nilimwona mara nyingi akitazama ukuta ulio mbele yake, ukuta mtupu usio hata na picha, kama mtu anayesoma barua.

Na huko ng'ambo ya bonde, dada yake aliugua. Moyo. Walizungumza kwa simu kila siku baada ya chakula cha mchana, simu ikiwa kwenye spika, na mimi, Mungu anisamehe, nilisikia kupitia ukutani.

"Unakuja lini, mdogo wangu?"

"Jumamosi, dada. Kigari kinakaribia."

"Jumamosi ipi? Maana nimeshazihesabu nne."

Mama Pindo akacheka, cheko la kumtuliza mwenzake.

Siku iliyofuata nilijikaza, nikamwambia Fundi, "Shemeji, kwa nini tusimbebe tu mpaka barabarani? Vijana wapo, teksi zipo."

Alinitazama kana kwamba nimemtukana. "Mke wangu si gunia la viazi, abebwe mtaa mzima ukiangalia. Nimesema nitamaliza, nitamaliza."

Naliandika hili kwa aibu: nilinyamaza, nikarudi kupika. Mtaa mzima ulijua, na mtaa mzima ulisema hayo ni mambo ya mtu na mkewe.

Siku ya Ijumaa, baada ya wiki sita, injini iliwaka. Tulipiga vigelegele. Fundi alikuwa na oili hadi kwenye nyusi, lakini anang'aa. Kesho yake Mama Pindo alivaa vizuri, akapakata gauni la kulalia alilomshonea dada yake, laini, lenye vifungo vikubwa ili mgonjwa asihangaike. Wakaanza safari. Njia ya kwenda ng'ambo hupanda kwanza hadi juu ya kichochoro, ndipo iteremke bondeni.

Hawakufika juu. Penye kona tulisikia mlio, chuma kikigonga chuma, kisha kimya. Injini ilikuwa imenoki, imevunjika kwa ndani. Fundi alikanyaga breki, akaruka, akaweka mawe nyuma ya magurudumu. Moshi ukawafunika wote wawili.

Tulikimbia. Mwuza maji wa mtaa wetu akasema, "Mzee, barabara iko hapo tu. Tumshike mama, tumfikishe kwenye teksi sasa hivi."

"Hapana! Tukisukume, kirudi nyumbani. Nimeshajua kosa liko wapi."

Nilimtazama Mama Pindo. Vidole vilikuwa vimeukunja ukosi wa lile gauni mpaka umefanya mistari. Hakuna aliyemuuliza yeye anataka nini. Si mumewe, si mwuza maji, si mimi. Tukakisukuma kigari, kikarudi, yeye akiwa ndani yake kama mzigo uliokosa mpokeaji.

Jumatatu injini ikarudi mezani.

Jumatano simu ililia wakati usio wa kawaida, asubuhi. Dada alikuwa amefariki.

Sikusikia kilio. Nilisikia kitu kikigonga dirishani mwangu. Mama Pindo alikuwa amenyoosha ufagio kupitia dirisha la chumbani. Nilipotokeza, aliniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Jirani, niitie watu. Wanne wanatosha. Njooni mnibebe."

Fundi alisimama sebuleni, spana mkononi. Akasema, "Mke wangu, ngoja, nina—"

"Nimengoja," Mama Pindo akamkata. "Pisha njia."

Watu wanne wakaja. Walilivuta kreti la vipuri nje, wakamketisha kwenye kiti cha jikoni, wakakishika kila pembe, wakapanda naye kichochoro. Fundi alifuata nyuma akiwa amebeba kiti cha magurudumu kichwani. Tulifika kwenye teksi. Mwuza maji, bila kufikiri, akatazama saa yake akasema, "Kumbe dakika saba tu."

Hakukusudia ubaya. Lakini nilimwona Fundi akiliweka lile neno moyoni, akashindwa kuinua macho. Dakika saba. Wiki saba mtu amefungiwa ndani, na njia ya kutoka ilikuwa ya dakika saba.

Tuliporudi kutoka mazikoni, mke na mume walizungumza. Nilikuwa nimebaki kumsaidia mama kuvua viatu, nikataka kutoka. Mama Pindo akanishika mkono nibaki.

"Niambie ukweli," akamwambia mumewe. "Siku ile ya kwanza Kipimo alikuambia nini?"

Fundi alikaa chini, sakafuni. "Aliniambia imekufa. Nilijua hata kabla hajapima."

"Ulijua?"

"Nilijua." Alifuta mikono ingawa haikuwa na oili. "Klabu waliponiachisha, waliniambia hawahitaji tena mtu wa kufufua. Kitu kikichakaa wanabadilisha. Miaka ishirini na miwili, wakaniambia hivyo wamesimama, bila hata kunipa kiti. Nikasema hii moja sitaibadilisha. Nikiibadilisha, nitakuwa nimekubali kwamba walisema kweli."

"Ningekuelewa," Mama Pindo akasema, "kama ungeniambia. Wao walikutoa wewe. Wewe ukanifungia mimi. Dada yangu alikuwa akihesabu Jumamosi." Hapo ndipo alipolia, na Fundi hakuthubutu kumgusa.

Kesho yake asubuhi Fundi alikwenda kwa Kipimo. Walirudi na ile injini ya kwenye rafu wakiwa wameishika pande mbili. Bolti nne, mkanda, waya, bomba la mafuta. Walianza baada ya chai, na kabla ya chakula cha mchana ilikuwa inanguruma. Fundi aliisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, machozi yakimdondoka juu ya kifuniko chake, wala hakuyafuta.

Halafu akaenda kumuuliza mkewe, labda kwa mara ya kwanza, "Unataka kiweje?"

"Nataka nikiendeshe mwenyewe."

Ilimchukua Fundi siku tisa. Alitengeneza mpini wa mkono, ukiusukuma kigari kinakwenda, ukiuvuta kinafunga breki. Hiyo ndiyo kazi ya fundi, nami sijaona nyingine nzuri kuipita. Leo Mama Pindo anateremka na kupanda atakavyo. Wanaishi pamoja, wanasemezana, wakati mwingine wanacheka. Ila Jumamosi, kigari husimama kibarazani. Mama Pindo hana tena mtu wa kumwendea.

FUNZO

Ndugu zangu, Fundi hakuwa mlevi wala katili. Alimpenda mkewe na alijua kazi yake. Kilichoiumiza nyumba ile ni kiburi kilichovaa nguo za bidii, na bidii ya namna hiyo ndiyo ngumu kuikemea, kwa sababu mwenye nayo anatoka jasho kweli.

Wewe uliye na neno la mwisho nyumbani kwako: kabla hujaamua kitu kitengenezwe au kibadilishwe, muulize anayekitegemea. Ukiambiwa kimekufa na mtu anayejua, na moyo wako unakubali, usimfanye mwenzako alipe gharama ya ukaidi wako. Na kama umeumizwa huko kazini, sema. Jeraha usilolisema utamfungia nalo mtu asiyehusika.

Nasi majirani tuache kujificha nyuma ya neno "mambo ya mtu na mkewe." Mtu akiwa amekwama mbele ya macho yako, usimuulize aliyemzuia. Muulize yeye mwenyewe, "Unataka kwenda?" Kisha mshike, mwende.