Naenda Kumpiga Jimena

Majirani zangu wa ngazi hii, na nyinyi wa ngazi za pili mnaopenda kutegesha masikio ukutani, leo nisikilizeni mimi. Siwaletei habari za watu wa mbali. Ni habari za Maite wa ghorofa ya pili, binti yake Jimena, wakati ule wa miaka sita, na Rosilene, mwanafunzi aliyetujia hapa Salamanca kutoka Brazili. Mimi Visitación wa ghorofa ya tatu nimo ndani ya habari hii kwa miguu yote miwili, kwa hiyo sitawapaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Mwezi Septemba nyumba yetu ilikuwa tulivu. Saa sita ngazi nzima ilinukia dengu zikichemka na soseji, na kila mtu alijua jirani yake anakula nini. Rosilene alikuja na sanduku moja na sauti ya kuimba. Alikuwa anasomea ualimu wa watoto wadogo. Chuo kilimpa mwaka mmoja tu, na Januari alitakiwa aanze mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya mjini. Bila mazoezi hayo mwaka wake wote ungekuwa bure.

Maite huuza dawa tangu asubuhi hadi jioni, na mumewe Fermín huendesha lori la masafa marefu, akirudi mwisho wa wiki. Wakakubaliana na Rosilene: apewe chumba na chakula, naye amtoe Jimena shule saa nane na kukaa naye mpaka mama arudi. Mtoto alimpenda siku ya kwanza. Mimi nililetewa unga wa muhogo uliokaangwa, nikamtania kwamba ananilisha mchanga. Akacheka mpaka akaegemea mlango. Kihispania chake kilitiririka, maana Kireno na Kihispania ni ndugu wa tumbo moja. Laiti angekuwa anababaika kama Wajerumani wale wa ghorofa ya nne! Anayebabaika tunamsamehe kila neno. Huyu alisema vizuri, basi kila alichosema tukakihesabu kuwa amekikusudia.

Siku moja ya Oktoba nilimkuta ngazini anashuka mbio.

"Ingia unywe kahawa," nikamwambia.

"Leo siwezi, Bi Visi. Naenda kumpiga Jimena."

Nilishika ukingo wa ngazi. "Kumpiga?"

"Eee! Nikichelewa kumpiga, analia," akasema huku anacheka, akapotea mlangoni.

Ndugu zangu, mtu mwenye akili timamu angemwita pale pale na kumuuliza. Mimi nilipanda kwangu, nikafunga mlango, nikakaa na neno lile kifuani. Mtoto gani analia kwa kucheleweshewa kipigo? Nikajijibu mwenyewe: mtoto aliyeharibiwa akili.

Tangu siku hiyo sikuona kitu kwa macho yangu ya kawaida. Jimena alipopita na alama ya kibuluu gotini, nikasema moyoni, ndiyo hiyo. Niliposikia vishindo sakafuni mwao mchana, nikazima redio nivihesabu. Mtoto alipiga kelele mara moja; nikaondoka dirishani haraka, wala sikungoja nijue kelele ile iliishia wapi. Hata ule wimbo wake wa ngazini ukaanza kunitisha. Nikajiuliza mtu anafurahia nini kiasi hicho.

Ningenyamaza, pengine ingekwisha. Lakini nilikwenda kununua mkate, na kwenye foleni nikamkuta Puri wa ghorofa ya kwanza. Mnamjua Puri. Ukimpa uzi anakurudishia shuka.

"Shoga, una nini? Umepauka."

"Sina kitu."

"Usinifiche bwana. Ni yule Mbrazili, siyo? Mimi tangu zamani simwamini. Mtu gani anacheka hata akibeba takataka?"

Nikamwambia. Nilimwapisha asiseme, naye akaapa kwa roho ya mama yake.

"Lisemwalo lipo," akasema, "na kama halipo laja."

Kabla ya wiki kwisha alikuwa mbele ya Maite dukani, akimwambia mbele ya wateja watatu kwamba binti yake anapigwa kila siku, na kwamba Visi ameona damu. Damu, jamani! Mimi niliona goti.

Jioni ile Maite aliniita nikae shahidi. Jimena alifungiwa chumbani, tukisema mtoto asisumbuliwe. Rosilene alikuwa jikoni akimenya viazi.

"Niambie ukweli," Maite akasema. "Wewe unampiga binti yangu?"

"Ndiyo, Bi Maite," akajibu, anashangaa. "Kila siku. Si ndivyo tulivyokubaliana?"

"Tulikubaliana!"

"Sijakosa hata siku moja. Hata juzi kwenye mvua kubwa nilimpiga pale pale mlangoni pa shule. Waulize walimu, waliniona."

Maite alinigeukia. Sitaisahau sura yake. Na mimi, badala ya kusema ngoja kwanza, nilitikisa kichwa kama hakimu na kusema, "Si uliambiwa? Umesikia mwenyewe."

"Toka," Maite akasema. "Toka nyumbani kwangu kabla sijafanya jambo baya."

"Kosa langu nini? Nimechelewa siku gani?"

Nguo zake zilitupwa ngazini. Chumbani Jimena alilia akiita Rosi, Rosi, akipiga mlango kwa ngumi, na sisi watu wazima wawili tukaangaliana na kusema, masikini, ona hofu aliyotiwa.

Asubuhi yake Rosilene alirudi. Alibisha kwa Maite, hakufunguliwa. Akapanda kwangu. Nilimwona katika tundu la mlango, macho mekundu, ameshika kamusi kifuani. "Bi Visi, ni neno tu! Nisikilize dakika moja!" Nilizuia pumzi mpaka akashuka.

Maite akaandika barua chuoni, nami nikatia sahihi. Chuo kikasema jambo lichunguzwe kwanza, na shule ile ya mazoezi haikukubali kumngoja mtu mwenye shauri la kupiga watoto. Januari yake ikafa mwezi wa Novemba.

Kwa kuwa Maite hakuwa na mtu, nilijitolea kumtoa Jimena shule mimi mwenyewe. Nilijiona nimefanya wema. Kwa wiki tatu mtoto alitembea kando yangu bila kusema. Chakula alikisukuma. Usiku, mama yake aliniambia, ameanza kukojoa kitandani. Fermín akigombana na Maite, Maite akilia; sisi tukasema yote ni madhara ya Mbrazili.

Siku moja ya Desemba magoti yaliniuma, nikafika shule saa nane na robo. Jimena alikuwa peke yake na mwalimu wake.

"Umechelewa kunipiga," akaniambia.

"Nimechelewa nini?"

"Kunipiga. Rosi anasemaga hivyo." Akanitazama kama mjinga. "Sisi tukisema pegar ni kupiga. Kwao Brazili pegar ni kuchukua. Kumpiga mtoto shule ni kumchukua shule. Mimi nilijua siku ya kwanza, nikaona inachekesha, nikamwachia aendelee kusema."

Mwalimu alitabasamu. Hata yeye alilijua. Shule nzima ililijua.

"Na goti?" nikamuuliza.

"Nilianguka kwenye vyuma vya kuchezea."

"Na vishindo?"

"Tulikuwa tunaruka kutoka kwenye kochi."

"Mbona hukusema, mwanangu?"

"Hamkuniuliza," akajibu. "Mlinifungia."

Nilikaa kwenye benchi la shule nikalia mbele za watu, na sioni haya kuwaambia. Siku ile ile mimi na Maite tulikwenda chuoni kufuta maneno yetu. Wakayafuta. Lakini nafasi alikuwa amepewa mwingine, na Rosilene alikuwa amesharudi kwao Jumapili iliyotangulia.

Maite alimpigia simu, akaomba radhi mpaka akashindwa kuendelea. Akanipa simu mimi.

"Rosilene, mwanangu, nisamehe. Utarudi mwakani, tutakuandikia—"

"Sirudi, Bi Visi. Ualimu nimeuacha. Nikimshika mtoto mkono naona watu wananitazama. Hata watoto wa dada yangu. Na siku ile nilikuja kwako. Nilikiona kivuli chako chini ya mlango."

Akaniambia nimsalimie Jimena, akakata.

Salamu nilizifikisha. Jimena sasa ana miaka saba. Anarudi shule na Puri au na mimi, na hamruhusu hata mmoja wetu kumbusu.

FUNZO

Tuambizane kweli. Mdomo huponza kichwa, lakini wangu ulikiponza kichwa cha mtu mwingine. Mgeni anapokuja kusoma kwetu, huja na maneno yake, na maneno yanayofanana na yetu ndiyo yenye mtego zaidi. Ukisikia neno linalokutisha, muulize aliyelisema, kabla hujalipeleka kwenye foleni ya mkate. Mtoto akiwa ndiye mwenye habari, mtoto aulizwe, tena kwa upole, bila kufungiwa. Kumlinda mtoto ni wajibu wetu sote. Kukisia si kumlinda. Na mtu uliyemtuhumu akija kubisha, fungua. Mimi ilinipasa kuvuta komeo tu, nikaliona zito, na sasa mwalimu mmoja mzuri hayupo darasani.