Kikombe cha Baa ya Saddlers

Habari hii ilimkuta rafiki yangu Harold Ormerod wa Salford. Wengi walimwita Harry, naye hakulipenda jina hilo. Baa ya Saddlers, kwenye kona ya Mtaa wa Pollard, ilikuwa ibomolewe kesho yake ili pajengwe ghorofa. Mle ndani wateja wa siku zote walitundika vikombe vyao vya bati juu ya kaunta, na kimoja kilikuwa cha marehemu kaka yake, Clement. Clement alipotelea baharini, hana kaburi. Kikombe ndicho pekee kilichobaki.

"Dakika tano tu, mzee," alisema Doyle, msimamizi wa ubomoaji, akimpa tochi. "Mapipa yamekwenda, mabomba yamekatwa. Ukitaka kinywaji umechelewa."

"Nimefuata kikombe, si kinywaji."

"Ndivyo wasemavyo walevi wote."

Harold aliingia akicheka. Madirisha yalikuwa yamepigiliwa mbao, na giza lilikuwa totoro mchana ule. Alipokuwa akimulika sakafu kuelekea kaunta, akasikia mkono wa pampu ya bia ukivutwa, kwiii, kisha kitu kikimiminika. Ukavutwa tena.

"Doyle, acha mchezo."

"Mchezo gani?" Doyle aliitikia kutoka barabarani.

Sauti ikakoma. Harold akamulika juu. Vikombe vyote vilining'inia na vumbi lao, ila kulabu ya Clement ilikuwa tupu. Kikombe kilikuwa juu ya kaunta, baridi, kimejaa bia, na kwenye povu palikuwa na alama ya mdomo, ikijifumba polepole.