Programu Iliyokataa Kufunguka

Kila Jumamosi asubuhi Nadège alifagia chumba cha kompyuta cha kanisa lao pale Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, akafuta vumbi jekundu mezani, kisha akawasha kompyuta zote sita. Alikuwa na miaka kumi na mitatu tu, lakini mwalimu Cassien alimwamini akampa ufunguo. Watu wazima walikuja kumwomba awachapie barua za kuombea kazi, naye akawachapia. Basi kichwa kikamvimba kidogo. Tusimlaumu sana, nani asingevimba?

Mwezi uliotangulia, virusi viliingia kupitia flashi za watu vikaharibu kompyuta zote. Mwalimu Cassien akaondoa Windows, mfumo uliokuwa ukiziendesha, akaweka mfumo mwingine uitwao Linux. Alipokuwa akieleza darasani namna ya kuutumia, Nadège alikaa nyuma akipiga soga.

"Mumefahamu?" mwalimu aliuliza.

"Tumefahamu!" Nadège aliitikia kwa sauti kubwa kuliko wenzake wote.

Sasa Jumamosi hii ilikuwa na jambo lake. Saa nane mchana wageni kutoka chuo kimoja cha Lilongwe wangekuja kupima kasi ya vijana katika kuchapa, na watakaofaulu wangesomeshwa bure mwaka mzima. Régine, jirani yake Nadège, mwenye miaka kumi na minane, alikuwa amejiandaa miezi minane kwa siku hiyo. Wageni walitaka programu yao ya kupimia iwe tayari katika kila kompyuta. Kazi hiyo alipewa Nadège.

Nadège hakuuliza chochote. Alifanya kama ilivyofanywa siku zote kambini: kwa kuwa intaneti ni ghali, programu huletwa kwa flashi kutoka mjini. Alhamisi, mama yake alipokwenda Lilongwe kununua vitambaa vya kushona, alifuatana naye hadi mtaa wa Area 36, kwenye kibanda cha mjomba wake Alexis, fundi wa simu na kompyuta. Alexis akamwekea programu hiyo kwenye flashi, kisha akampa na flashi ya pili.

"Hii ya pili iko na Windows," alisema. "Kama ile mambo mupya inakusumbua, we rudisha Windows tu. Unabonyeza, unabonyeza, njo imekwisha."

Jioni hiyo mwalimu alimuuliza, "Programu iko tayari?"

"Iko tayari, mwalimu," Nadège alijibu. Flashi ilikuwa bado mfukoni.

Jumamosi saa nne aliichomeka flashi ya kwanza, akabonyeza faili mara mbili kama alivyozoea. Maneno yakatokea kwenye skrini: hakuna programu ya kufungua faili la aina hii. Akajaribu kompyuta ya pili, ya tatu, mpaka ya sita. Jibu lilikuwa lile lile.

Régine akachungulia mlangoni. "Nadège, mi naweza fanya mazoezi kidogo?"

"Ngoja kwanza!" Nadège alimkaripia, kisha akajuta, maana Régine hakuwa amekosa lolote.

Ilipofika saa sita kasoro, alichukua flashi ya pili. Akazima kompyuta ya kwanza, akaiwasha kwa flashi ile kama alivyoelekezwa na mjomba. Akabonyeza, akabonyeza tena. Halafu skrini ikamwonya kwamba vyote vilivyomo kwenye diski hiyo vitafutwa, ikamuuliza kama anataka kuendelea.

Vyote! Humo ndimo zilimokuwa barua za watu, maombi yao ya kazi, na majina ya watoto wote wa darasa la kanisa. Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe. Akibonyeza, huenda mtihani ungefanyika na hakuna ambaye angejua amedanganya. Lakini kesho yake angemwambia nini mtu atakayekuja kutafuta barua yake?

"Mbona umesimama hivyo?" Régine aliuliza kutoka mlangoni. "Kuko nini?"

Nadège akaondoa mkono. Akazima kompyuta, akachomoa flashi, akatoka mbio mpaka nyumbani kwa mwalimu Cassien. Alimkuta anakula nsima, ugali wa huko.

"Mwalimu, mi nilikudanganya. Programu haiko tayari. Inakataa kufunguka, na mi sijue sababu. Karibu nifute barua za batu."

Mwalimu alinawa mikono, akachukua simu yake, wakaondoka.

"Programu uliyoleta imetengenezwa kwa ajili ya Windows," mwalimu alisema walipofika. "Huku haitafunguka hata ukibonyeza mpaka kesho. Kwenye simu, programu unaitoa wapi?"

"Kwenye duka la programu, humo humo ndani ya simu."

"Njo vile vile hapa. Linux iko na duka lake. Fungua, andika jina."

Nadège akaandika. Programu ile ile ikatokea, iliyotengenezwa kwa mfumo huu. Mwalimu akaunganisha intaneti ya simu yake, akaweka nywila, na duka likaanza kuleta programu pamoja na kila kitu ilichohitaji. Lakini mtandao ulikuwa mzito. Asilimia kumi. Kumi na mbili. Gari la wageni lilipoegeshwa nje, kompyuta ya sita ilikuwa imefika asilimia tisini. Nadège alisimama mbele yake akiomba kimoyomoyo. Wageni walipokuwa bado wanasalimiana na mchungaji, ikamaliza.

Mtihani ulifanyika. Kabla ya kuondoka wageni walisoma majina ya vijana watatu, na la pili lilikuwa la Régine. Alipiga kelele akamkumbatia Nadège, naye Nadège akalia kwa furaha na kwa aibu.

Watu walipotawanyika, mwalimu Cassien alimwita.

"Ufunguo nitakaa nao mwezi mmoja," alisema.

"Ndiyo, mwalimu."

"Si kwa sababu hukujua Linux. Hata mimi sikuijua. Nilimsumbua rafiki yangu kwa maswali wiki tatu nzima. Ni kwa sababu ulisema 'iko tayari.' Neno hilo lilinifanya nikae nyumbani nikitulia, wakati wewe ulikuwa unahitaji msaada. Leo ulikuja mwenyewe ukasema kweli, na nimefurahi. Ila mara nyingine, mwanangu, usingoje mpaka kidole kifike kwenye kitufe. Ukiwa hujui, sema hujui siku ile ile ya kwanza, wakati bado kuna muda wa kukufundisha."