Kinyozi Hajinyoi

Kinyozi alipenda kujisifu kwamba wembe wake haujui damu. Uongo mtupu! Uliijua vizuri. Aliufuta kwa kitambaa, akaupaka spiriti kidogo, akaita, "Anayefuata!"

Kinyozi hajinyoi, ndivyo tunavyosema. Basi kila Ijumaa kabla ya kufunga duka, yeye na kaka yake, kinyozi mwenzake, walinyoana ndevu kwa wembe huohuo. Miaka ishirini.

Sasa wote wawili walikuwa na homa ya ini aina ya C, ugonjwa unaopita kwenye damu. Kaka mtu alikuwa kitandani, tumbo limejaa maji, macho ya manjano. Kinyozi hakuumwa hata ukucha. Kipimo ndicho kilichomuumbua.

Hospitali ilikuwa ikitafuta wagonjwa wa kujiunga na utafiti wa dawa. Kinyozi alifaa. Kaka yake alikataliwa, ini lilikuwa limeharibika mno.

"Nipe kalamu, dada, nitie saini," Kinyozi alimwambia muuguzi.

"Taratibu. Fomu umeisoma?"

"Ya nini? Dawa ni dawa."

"Huu ni utafiti, kaka. Wengine watapewa dawa mpya, wengine ile ya siku zote. Wewe huchagui, na daktari hachagui. Dawa mpya inaweza kuwa na madhara tusiyoyajua bado. Ukikataa, utatibiwa kama kawaida. Ukikubali, unaweza kujitoa siku yoyote, na hakuna atakayekununia."

"Vidonge nitakwenda navyo nyumbani?"

"Vya mwezi mzima. Kwa nini?"

Kinyozi alitazama sakafu. Muuguzi akaelewa.

"Unataka kumgawia kaka yako."

"Nimeze peke yangu, naye ananitazama?"

"Nusu dozi haitamponya hata mmoja wenu. Kwa ini lake, dawa hizi zinaweza kumuua. Na sisi tutaandika kwamba dawa haifai, kumbe mlikuwa mnagawana. Watakaoumia ni wagonjwa wengine. Kaka yako nimeshamwandikia rufaa kwa daktari wa ini. Lakini sikufichi, mmechelewa."

Kinyozi aliondoka na fomu, amekasirika. Nyumbani alimsomea kaka yake yote, neno kwa neno.

"Wewe unataka?" kaka aliuliza.

"Nataka kupona. Lakini tumezoea kugawana kila kitu."

"Na tazama tulichogawana, mdogo wangu. Meza vyako vyote."

Kesho yake Kinyozi aliuliza maswali yake, akajibiwa, akatia saini. Hakuruka kidonge hata kimoja. Wiki ya saba walimzika kaka yake.

Miezi mitatu baada ya kidonge cha mwisho, kipimo hakikuona virusi. Muuguzi alimpongeza. Kinyozi alishukuru, akatoka nje, akalia kwa hasira. Wembe mpya ni bei ya pipi!

Siku hizi kila mteja hufunguliwa wembe wake, mbele ya macho yake. Uliotumika huingia kwenye kopo gumu lenye kifuniko.

"Umekuwa na maringo, fundi!" wateja humtania.

"Nyamaza, unyolewe. Ukitoka hapa nenda kapime."

Ijumaa kabla ya kufunga, hujinyoa mwenyewe. Hajazoea. Ndevu zake zilikuwa kazi ya kaka yake, na hadi leo hujikata shavu la kushoto.