Kahawa ya Mzee Rutaihwa

Nilikuwepo. Naanza na hilo kwa sababu siku hizi Muleba kila mwenye mdomo anaisimulia habari hii, na wengi wao siku zile walikuwa Bukoba mjini wakigombania senene, panzi wetu wa kuliwa. Mimi Mwijage, fundi wa mbao niliyeishia darasa la saba na bado mapadri wananiita nikawatengenezee dari, nilikuwa juu kabisa, tumbo chini, kati ya mbao na mabati, nikikwangua mavi ya popo yaliyoozesha dari ya kituo kimoja cha polisi. Kituo kipi, msiniulize. Nataka waendelee kunipa kazi. Lakini kila kilichosemwa chini yangu kilipanda kwa tundu la taa. Nilisikia, niliona, na bahati mbaya nilinusa.

Chumba kilichokuwa chini yangu walimpa Annastella. Huyu alikuwa mwanasaikolojia, Mhaya wa jina lakini aliyekulia Morogoro, na kazi yake ilikuwa kuzunguka vituo vya Bukoba na Muleba akiwasikiliza polisi. Maana polisi naye ni mtu. Asubuhi anaokota maiti, mchana anamtoa mtoto aliyechomwa na baba yake, jioni anatakiwa aende nyumbani akacheke na wanawe. Annastella aliwaketisha mmoja mmoja akawaambia kwamba litakalosemwa humo halitatoka humo, hata kwa mkuu wao halifiki. Na mezani aliweka kijikapu cha kahawa ya kutafuna, ile inayochemshwa na maganda yake na majani ya harufu, kisha ikakaushwa, kwa kuwa aliambiwa huku kwetu mgeni hupewa kahawa kwanza ndipo maneno yaanze. Alitafuna na kila aliyeingia.

Asubuhi moja alikuwa peke yake akifuta meza, nami nikasikia mtu anatafuna. Kwa, kwa, kwa, polepole, kama mzee aliyebakiwa na magego ya upande mmoja. Nikachungulia. Annastella alikuwa amesimama, kitambaa mkononi, mdomo umefungwa, anasikiliza.

"Fundi, unakula nini huko juu?"

"Sina kitu mdomoni, daktari, labda vumbi la popo."

"Basi liteme. Unanitia kichefuchefu."

Kabla sijajibu, mlango ukafunguliwa, akaingia Koplo Mutalemwa, na mlio ule ukaingia naye; mimi wakanisahau, fundi wa dari huwa hahesabiwi mtu.

Nilimjua Mutalemwa akiwa mtu wa kujaza mlango. Sasa mkanda wake ulikuwa umezunguka kiuno mpaka ncha yake ikafika mgongoni. Alipoketi, harufu ilinifikia juu: tope la kinamasi, na ndani ya tope kitu kitamukitamu, kama ngozi ya ng'ombe iliyosahauliwa kwenye ndoo ya maji. Annastella akamsogezea kijikapu. Mutalemwa akarudi nyuma na kiti chake.

"Ondoa hiyo, daktari."

"Nimeiondoa. Umekula leo?"

"Mke wangu amenipikia ndizi. Nikitia mdomoni zinageuka. Natafuna tope, daktari. Tope lenye nywele. Nikitema, kinachotoka ni ndizi tu, naye anadhani namdharau."

"Tangu lini?"

Mdomo wake ulikuwa umefungwa, taya limetulia, na bado tulisikia kutafuna. Kisha akaanza kusimulia kwa sauti ya chini, nami nikaacha kukwangua.

Walikuwa wametumwa Ngenge kumtoa mzee mmoja kwenye kinamasi, Mzee Rutaihwa, aliyetoka nyumbani kwake na koti zuri asirudi. Walikwenda watatu: yeye, Konstebo Nathanael, na mkuu wao, Inspekta Byarugaba. Walimvuta mzee kwa kamba, ngozi ya mikono ikabaki kwenye kamba kama soksi. Kisha gari la kumchukua likakwama njiani, wakakaa naye kutwa nzima mvua ikinyesha, bila chakula. Inspekta akapekua koti. Ndani akakuta kahawa ya kutafuna, imefungwa kwa jani la mgomba, imefungwa vizuri hata maji hayakuingia.

"Inspekta akasema, mzee ametukaribisha. Tukacheka. Tukala."

"Naye yuko wapi wakati huo?"

"Amelala hapo hapo. Macho yameshaliwa na samaki. Tulitafuna tukimtazama."

Annastella alikisukuma kijikapu mbali zaidi.

"Na ilikuwaje, hiyo kahawa?"

"Nzuri," Mutalemwa alisema, akaanza kulia. "Hicho ndicho kinachonichukiza. Ilikuwa nzuri kuliko zote nilizowahi kula." Akajifuta kwa mkono wa sare. "Usiseme, daktari. Kuiba kwenye maiti, watanifukuza kazi. Nina watoto."

"Sitasema."

Neno hilo alilisema kama wanavyofundishwa, kwa upole na uso umetulia. Mimi juu nikaona kitu ambacho yeye hakukiona: aliposema tu "sitasema", kutafuna kulinyamaza kidogo, kama mtu anayetega sikio.

Siku chache baadaye akaja mama yake Mutalemwa kutoka Kanazi. Ma Kokuhirwa ni mwanakwaya wa Kilutheri, sauti ya pili, lakini nyimbo zikishindwa watu humfuata kwa mlango wa nyuma, maana anajua na mambo ya wazee. Aliingia, akakataa kiti, akanusa pembe za chumba moja moja kama anayetafuta panya aliyefia ndani.

"Waitu, daktari wetu, mwanangu anakufa kwa njaa na chungu kimejaa. Amekula cha mtu. Mimi haniambii. Wewe amekuambia?"

"Mama, siwezi kusema alichoniambia."

"Kwa hiyo amekuambia."

"Sijasema hivyo."

"Hujasema, lakini umekunja pua." Bibi akacheka bila furaha. "Watu wa pwani wangesema ni jini. Sisi wazee wetu wana majina yao, siyataji humu kwa kuwa yupo anasikiliza. Nikuulize jingine. Ilikuwa kahawa?"

Annastella akatazama dirishani.

"Haya. Kahawa ya mtu aliye safarini ina nyumba inakokwenda. Anaipeleka kwa mtu ili apokewe, labda waliwahi kugombana. Ukiitafuna njiani, mwenye kahawa anaona amefika kwako. Anaingia. Anaketi. Kwa nini aondoke na mwenyeji amekula?"

"Anatolewaje?"

"Alichokula akitaje mwenyewe kwa mdomo wake, mbele ya aliokula nao, nao wakiri. Kitatoka kilivyoingia. Lakini akikiri kwa mtu mmoja gizani, mgeni amepewa chumba cha pili. Mwanangu, unavyowasikiliza hivi watu wote, vyumba vyako ni vingapi?"

Annastella alipobaki peke yake alichukua simu akamwomba Inspekta Byarugaba kikao cha pamoja kwa wote waliokwenda Ngenge. Ni utaratibu wao: walioona jambo baya pamoja huketi pamoja wakaliseme. Hakuvunja siri ya mtu. Aliwapangia viti tu.

Walikuja alasiri, jua kali limetoka. Mutalemwa aliketi karibu na dirisha, Nathanael karibu na mlango, na Inspekta katikati, mtu safi huyo, viatu vinang'aa, masharubu yamechanwa. Ma Kokuhirwa alisimama nje kwenye baraza na beseni tupu.

"Tunazungumzia nini?" Inspekta akauliza. "Maiti ni kazi yetu. Anayeogopa maiti akauze vitumbua."

"Kila mmoja aseme anachotaka," alisema Annastella. "Asiyetaka asiseme."

Kisha kutafuna kukaanza, na safari hii hakukuwa mdomoni mwa Mutalemwa peke yake, kulitoka kwa Nathanael pia, na kulitoka katikati, chini ya masharubu yaliyochanwa, na harufu ikapanda ukutani ikanifikia nilipolala, nzito hata nikaihisi kwenye ulimi kama mafuta ya samaki wa juzi, na popo waliokuwa wamelala kwenye mabati wakaamka mchana ule mweupe wakaanza kunipita usoni na mabawa yao laini ya baridi, wakinikojolea masikioni, nami nisithubutu kuwapunga kwa sababu chini yangu watu watatu walikuwa wameketi midomo imefungwa kabisa, mashavu yao yakitembea taratibu, kwa mpigo mmoja, kama ng'ombe wanaocheua.

"Tuliila," alisema Mutalemwa.

"Koplo," Inspekta akamwonya.

"Tuliila, afande. Nanyi mnajua. Kahawa ya mzee. Nifukuzwe kazi, lakini nataka kula ndizi za mama yangu. Tuliila, na aliyefungua jani..."

Hakumaliza. Akainama, na Ma Kokuhirwa akaingia na beseni kama aliyekuwa akihesabu pumzi zake. Kilichotoka kwanza kilikuwa maji ya kinamasi, meusi, yenye mayai ya vyura. Kisha nywele nyeupe, ndefu, zilizosukwa na ute, na bibi akazivuta kwa vidole vyake bila kufumba macho, taratibu, kama anayetoa uzi kwenye sindano, mpaka mwisho wake zikaja kahawa, nzima, hazina hata alama ya jino, zimechipua vijizizi vyeupe vilivyokuwa vikitafuta pa kushika.

Nathanael alikuwa ameshapiga magoti. "Na mimi," alisema, "na mimi niliila, nilirudia mara ya pili," na beseni likamfikia kwa shida.

Annastella akamgeukia Inspekta.

"Mimi nilikuwa kwenye gari," Byarugaba alisema.

Gari lilikuwa limekwama njiani siku ile, kila mtu mle ndani alijua. Mutalemwa alimtazama, Nathanael alimtazama, lakini yule ni mkuu wao, na kila mmoja alikuwa ameshabeba lake. Inspekta akasimama, akanyoosha sare, akatoka. Mlio ukatoka naye, kwa, kwa, kwa, ukashuka ngazi.

Jioni ile ile, jua halijazama, Mutalemwa alikula. Nilimwona kwenye baraza, sufuria mapajani, anakula ndizi kwa mkono huku analia na kamasi, mama yake anamwambia, "Polepole, hakuna anayekunyang'anya." Beseni walilipeleka wenyewe Ngenge kesho yake, wakalimwaga kinamasini.

Mimi nilikuwa nimerudi juu kuchukua nyundo yangu nilipomsikia Inspekta amerudi. Akafunga mlango.

"Lisemwalo humu halitoki?" akamwuliza Annastella.

"Halitoki. Lakini afande, mama yake koplo ameniambia hiki hakitoki kwa siri. Likiri mbele yao. Nitawaita sasa hivi, bado wako hapa."

"Mbele ya koplo? Waniite mlamba maiti?" Akatoa leso, akajifuta mdomo, na leso ikatoka na ute mweusi. "Mimi nakuambia wewe. Ndiyo kazi yako. Au hutaki kunisikiliza mimi kwa sababu nina nyota?"

Annastella angemfukuza. Wewe na mimi tungemfukuza. Lakini alikuwa ameapa kumsikiliza kila aliyeketi kwenye kiti kile, naye mtu alikuwa ameketi. Byarugaba akasema yote: kwamba alifungua jani, kwamba alicheka, kwamba alijaza mkono. Kisha akachukua kahawa kwenye kijikapu, akatia mdomoni, akaitoa imemumunywa, inang'aa mate, akamnyooshea.

"Tafuna na mimi, daktari. Unatafuna na wote."

Akaipokea. Akaitafuna. Nilisikia ganda likipasuka.

Inspekta aliinuka mwepesi kama mtu aliyetua gunia. Harufu yote ilikuwa imemtoka. "Kazi nzuri mnafanya," alisema, akaondoka akipiga mluzi.

Hapo Annastella alikimbilia nyuma ya nyumba, kwenye migomba, akajitia vidole kooni, nayo ikatoka, kahawa ile moja, na unywele wake. Akasukutua kwa maji ya ndoo, akacheka, akaniambia, "Fundi, shuka bwana, unanuka popo." Siku ya pili akapanda gari kurudi Bukoba, akala senene njia nzima.

Habari ndiyo hiyo, na nimeisema kama nilivyoiona, isipokuwa pale kwenye migomba. Pale nimeongeza mwenyewe, ili mle chakula chenu vizuri.

Alikwenda migombani, ni kweli, na alijitia vidole. Lakini hakikutoka kitu. Alichokuwa nacho kooni kilikuwa siri ya mtu mwingine, na siri ya mtu mwingine hana ruhusa ya kuitaja. Mwezi uliopita nilikwenda ofisini kwake Bukoba kumtengenezea rafu. Amekonda. Tulikaa, yeye mdomo umefungwa, mimi pia, na nilisikia: kwa, kwa, kwa. Kisha akanisogezea kijikapu, kwa heshima, kama mtu anayetaka sana kupata mgeni wa kula naye.