Fungu la Mwenye Paa

Saa tatu asubuhi.

Chumba cha nyuma cha bucha kilinuka damu ya jana. Nzi walijazana kwenye ndoano tupu, na Meneja alikuwa anakula. Alitafuna huku anaongea, mafuta yakimchuruzika hadi kidevuni. Kima akageuza uso.

Walimwita Kima kwa kupanda. Minara, nguzo, mapaa, alikuwa fundi wa antena mpaka kampuni ya mtandao ikampunguza kazini. Meneja alikuwa bosi wa mauzo kampuni hiyo hiyo kabla hajafukuzwa. Wa tatu ni Bubu, ambaye aliweza kusema ila hakuona sababu. Bastola ilikuwa yake.

"Narudia mara ya mwisho," Meneja alisema. "Saa sita matokeo ya mitihani yanatoka. Mtaa mzima utaingia mtandaoni kwa mpigo. Watu wakijazana, mashine inapandisha bei yenyewe, ili wasio na haraka wasubiri. Si ndivyo?"

"Ndivyo," Kima alijibu.

"Leo nani atasubiri? Mtu anataka kujua mwanawe kafaulu au kafeli. Na kila kinachopita kwenye antena, mwenye paa ana fungu lake la hela. Saa saba mashine inawagawia. Sasa tunazima antena za watu, zinabaki nne zetu. Wote wanapita kwetu, kwa bei ya juu."

"Zitaelemewa. Kurasa zitakwama."

"Zikwame. Ukurasa ukikwama katikati, umeshautumia, unalipa. Unajaribu tena, unalipa tena." Alicheka, punje ya nyama ikaruka mezani.

Zile nne Kima alizifunga mwenyewe, juu ya ghala lililohamwa. Wakati ule ilikuwa kazi tu.

"Paa la dada yangu tusiliguse."

"Nimekuahidi au sijakuahidi?"

Dada yake alikuwa msusi. Antena ilikuwa juu ya saluni, na fungu lake ndilo lililolipa kodi ya chumba. Mwezi uliopita Meneja aliomba nakala ya kitambulisho cha dada huyo. Alidai ana mtu wake ndani ya kampuni atakayemwongezea fungu. Kima aliipeleka bila kuuliza mara mbili.

Saa sita kasorobo.

Mlinzi wa chumba cha mitambo alimfahamu Kima. Akafungua geti akitabasamu. "Karibu mwanangu. Wamekurudisha kazini?"

Bubu akamshushia kitako cha bastola usoni. Mzee wa watu akaanguka, suruali ikalowa. Meneja akaziba pua kwa leso. "Babu, hukwenda msalani kabla ya kuja kazini?" Akacheka mpaka machozi yakamtoka.

Kima akaingia.

Ndani, kioo cha mashine kilionyesha mapaa yote ya mtaa, kila paa nukta ya kijani. Kima akaanza kuyazima. La fundi viatu. La muuza mkaa. Saa sita ikagonga, bei ikaanza kupanda. Akaruka nukta ya saluni. Meneja akanyoosha kidole chenye mafuta, akaibonyeza. Ikazimika.

"Uliahidi."

"Nimesahau."

Kisha Meneja akafungua ukurasa wa wenye mapaa, kuhakikisha zile nne zipo. Kima akasoma jina lililoandikwa mbele ya kila moja. Lilikuwa la dada yake.

"Hili jina limefikaje hapa?"

"Si wewe uliyeniletea? Jina safi. Simu ya kupokea hela ni yangu."

"Polisi watamfuata yeye."

"Watamfuata, ndiyo. Msusi atajieleza." Meneja akafuta vidole kwenye shati la Kima, taratibu, kama mtu anayefuta meza.

Kima hakumpiga. Bubu alikuwa mlangoni. Akatazama kioo, akasema kwa sauti ya kazi, "Antena yetu moja imegoma. Lazima nipande mnara mkubwa wa hapo nje, ndio unaoilisha."

"Usichelewe."

Akavaa mkanda, akapanda. Kutoka juu aliuona mtaa wote. Watu walikuwa wamejazana kwenye vibanda vya vocha, wananunua, wanatazama simu, wananunua tena. Mwanamume mmoja aliitikisa yake kama chupa ya dawa. Nje ya saluni, wanawake wenye nywele zilizosukwa nusu walisimama juani wakitafuta mtandao.

Waya mmoja mnene ndio ulioleta mtandao wote. Ukikatika, mashine haigawi kitu, na king'ora kinalia makao makuu ya kampuni. Kima akatoa koleo, akaukata.

"Kima," Meneja aliita kutoka mlangoni chini, kioo nyuma yake hakina nukta hata moja. "Umefanya nini?"

Bubu ndiye aliyejibu, kwa risasi. Ikampata Kima pajani. Mkanda ukamdaka, akabaki akining'inia, damu ikidondoka. Kisha Bubu akaingia kwenye gari, akaondoka peke yake. Meneja alilikimbilia hadi pumzi ikamwishia.

Polisi walipofika walimkuta kapiga magoti kando ya mlinzi, anampepea kwa ile leso. "Nilikuwa napita tu," aliwaambia. "Nikaona mzee wangu kaumizwa."

Mlinzi akausukuma mkono ule. "Huyu alicheka," akasema.

Jioni, hospitalini, Kima alikuwa amefungwa pingu kwenye kitanda. Dada yake aliingia, akasimama mbali.

"Wamekuja saluni kuniulizia kwa jina."

"Nimewaambia hukujua lolote."

"Nimesikia." "Mteja wangu alijaribu kuona matokeo mpaka hela ya kusukia ikaishia humo. Nikamsuka bure."

"Mwanawe kafaulu?"

"Hakuona." Alimtazama jinsi mtu anavyotazama kitu alichokikanyaga. "Kesho naing'oa ile antena."

"Na fungu lako, dada? Kodi je?"

"Nina mikono," akasema, akamwomba askari amfungulie mlango.