Ufa Nilioupaka Penseli

Kila jioni babu yangu, mzee Evelio, aliegesha gari lake mbele ya nyumba yetu mjini Placetas, akafungua boneti na kutoa rota. Rota ni kipande kidogo cha plastiki ngumu nyeusi, chenye ulimi wa shaba juu yake. Hukaa ndani ya distribyuta na kuzunguka, kikigawa umeme kwa kila plagi kwa zamu. Bila rota gari haliwaki, hata mwizi awe hodari namna gani. Wenye magari ya zamani mtaani kwetu wote walifanya hivyo, na wengine walilala nayo chini ya mto. Babu aliiweka kwenye glasi ndani ya kabati la jikoni. Asubuhi, baada ya kahawa, aliirudisha mahali pake.

Gari lenyewe lilikuwa la mwaka hamsini na mbili, zee kuliko mama yangu. Babu alinifundisha kusafisha plagi na kupima maji ya betri, nami nikajiona fundi kamili. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na kichwa kilikuwa kimevimba kidogo.

Jumamosi moja jioni, babu akiwa anaoga, niliitoa ile rota kwenye glasi. Chini yake kuna tundu, na niligundua kwamba ukichomeka penseli pale, unaweza kuizungusha kama pia. Nikaizungusha mezani mara mbili, mara tatu. Mara ya nne iliruka na kuanguka kwenye sakafu ya saruji.

Ilipasuka, ila haikuachana. Ufa ulipita ubavuni kutoka juu hadi chini. Niliuziba kwa gundi haraka haraka, lakini gundi ilipokauka iliacha mstari mweupe. Basi nikachukua penseli ileile na kuupaka mstari huo mpaka ukawa mweusi kama plastiki yenyewe. Nikairudisha rota kwenye glasi. Nilipoitazama sikuuona ufa hata mimi, nikafurahi. Naona aibu kusema kwamba nilifurahi.

Jumapili saa mbili asubuhi simu ililia. Mama aliipokea, akasikiliza, kisha akaketi. Bibi Eneida, dada yake babu, alikuwa amefariki usiku katika mji wa Caibarién. Ndiye aliyemlea babu tangu akiwa na miaka mitano, mama yao alipokufa. Kwetu maiti hazisubiri, joto haliruhusu. Mazishi yalikuwa siku hiyohiyo, saa kumi jioni.

Babu hakulia. Alinyoa ndevu, akavaa shati lake jeupe la heshima, akaenda na rota yake kwenye gari. Kutoka kwetu hadi Caibarién ni mwendo wa saa moja na nusu kwa gari kama lile. Alikuwa na muda wa kutosha kufika, kukaa na dada yake kabla jeneza halijafungwa, na kumbusu. Hilo tu ndilo alilotaka, na alilisema mara mbili.

Alipiga stata. Injini ilizunguka vizuri, ila haikuwaka. Alipiga tena na tena, mpaka mama akaenda kumwita Osmel, fundi wa nyumba ya tatu.

Osmel alikuja bado anatafuna mkate. Alimpa babu pole, akainama ndani ya boneti. Mafuta yalikuwepo, na betri ilikuwa na nguvu. Akachomoa waya mnene wa katikati ya distribyuta, akausogeza karibu na chuma cha injini, akamwambia mama apige stata. Cheche ya buluu ikaruka ikilia. Koili, inayotoa umeme huo, ilikuwa nzima. Akaurudisha ule waya, akachomoa waya wa plagi na kuujaribu vilevile. Haikutoka cheche hata moja.

"Umeme unaingia kwenye distribyuta na hautoki," Osmel alisema. "Ni kifuniko chake au rota, mzee Evelio."

"Rota ni nzima," babu alijibu. "Imelala kabatini kwangu. Nimeitia sasa hivi kwa mkono wangu."

Osmel aliitoa, akaigeuza juani. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Aliitazama kitambo, akaona plastiki nyeusi isiyo na kasoro, akairudisha. Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Ilikuwa saa tatu kasoro. Badala yake nikajiambia kwamba labda kosa ni la kifuniko kweli.

Basi wakatafuta kosa mahali ambapo halikuwepo. Osmel alikifuta kifuniko, akakikausha, akasugua kwa msasa vidole vya shaba vilivyomo ndani yake. Gari likagoma. Akapanda baiskeli kwenda kuazima kifuniko kingine ng'ambo ya reli, akarudi baada ya saa mbili akitiririka jasho. Gari likagoma. Akabadilisha waya zote, kisha plagi, kisha akaanza kuitilia shaka koili aliyoisifu asubuhi. Mama alijaribu usafiri mwingine, lakini basi lilikuwa limeondoka alfajiri, na majirani wenye magari walikuwa wametoka nayo tangu asubuhi. Shati jeupe la babu lilikuwa na grisi kifuani.

Mchana mama alipika wali na maharage meusi, na hakuna aliyekula. Saa nane ilipopita, babu aliketi kizingitini, akaiweka mikono yake magotini.

"Maritza, mwanangu," alimwambia mama, "wapigie simu. Waambie wasinisubiri."

Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeombwa kitu kikubwa akakitoa. Sikuweza kuvumilia tena. Nilisogea mpaka mbele yake, nikasema, "Babu, rota niliiangusha jana. Ilipasuka. Niliigandisha kwa gundi, ufa nikaupaka penseli usionekane."

Hakuna aliyenipiga wala kunifokea, na afadhali wangefanya hivyo. Osmel aliirukia distribyuta, akaitoa rota, akaikwangua kwa ukucha.

"Penseli," alisema polepole. "Yaimara, mdogo wangu, penseli inapitisha umeme. Ufa peke yake pengine usingetuzuia. Hii rangi yako ndiyo njia. Umeme wote umekuwa ukiteremka hapa na kupotelea ndani ya chuma."

Alinituma nilete spiriti na rangi ya kucha ya mama. Akausugua ufa mpaka weusi wote ukatoka na mstari mweupe ukaonekana tena, halafu akaupaka ile rangi nyekundu, mara tatu, akiipuliza kila mara ikauke. Kazi nzima haikumaliza saa moja. Babu alipopiga stata, gari liliwaka mara moja. Mama alianza kulia, wala si kwa furaha.

Tulifika makaburini Caibarién saa kumi na moja. Waombolezaji walikuwa wameshatawanyika, na saruji iliyoziba kaburi ilikuwa bado mbichi. Binti yake Bibi Eneida alikuwa ametungojea peke yake. Alimkumbatia babu, akamwambia kwamba waliliacha jeneza wazi hadi dakika ya mwisho, mpaka mlinzi wa makaburi alipowaambia inatosha. Babu aliitikia kwa kichwa. Aliweka kiganja chake juu ya jiwe la kaburi, akakiacha hapo kwa muda mrefu.

Kisha aliniita.

"Mwambie dada yangu kwa nini nimechelewa," alisema.

Nilimwambia Bibi Eneida yote, kuanzia kabatini, kwa sauti, mbele ya mama na yule binti. Sijawahi kusema maneno mazito kama yale. Nilipomaliza, babu alinishika bega.

"Sikiliza, mjukuu wangu. Kuvunja si kitu. Mimi nimevunja vingi kwenye gari lile, na vyote nimevitengeneza. Lakini ulipolificha kosa lako, ulitufanya tuhangaike kwingine siku nzima, huku saa zinakwenda. Rota tumeitengeneza. Hizo saa, nani atanitengenezea? Ukikosea, sema palepale, hata kama unatetemeka."

Nilimwahidi, na ahadi hiyo nimeishika. Alisema amenisamehe, nami nilimwamini. Kisha aliketi kando ya kaburi la dada yake na kulia kwa mara ya kwanza siku ile, nami nikaketi naye mpaka mlinzi alipokuja kufunga lango.